Hatua kubwa kwa makusudi: mazoezi ya Parkinson kwenye nyumba za Mwanza

Mtu mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, hahisi kwamba hatua yake imefupika. Mwambie mzee wako atembee kama kawaida, ataburuza miguu nusu ya urefu wa hatua yake ya zamani na moyoni ataamini kabisa kwamba ametembea vizuri. Mpe kalamu aandike jina lake mara tano, herufi zitaanza kubwa na kumalizikia kama punje za ulezi. Akiongea anadhani amepaza sauti, kumbe ananong'ona, na anaumia kuona watu wa nyumbani kila mara wanauliza "unasemaje?" Kile kipimo cha ndani kinachomwambia mtu hapa umefika, hapa bado, kimesinyaa pamoja na mwendo wenyewe.

Kwa hiyo zoezi lisilomvusha mtu kile anachokihisi kuwa kawaida linampotezea muda. Nasema hivi kwa sababu nyumba nyingi zinafanya kinyume: mzee anakandwa kwa mafuta, ananyooshwa vidole, anatembezwa taratibu kwa kushikwa mkono hadi kwa jirani na kurudi. Kukandwa kunampa faraja na sikupingi hata kidogo, ila hakumfundishi mwili wake kitu. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowagawa wagonjwa 195 katika makundi matatu kwa wiki 24, saa moja mara mbili kwa wiki. Waliofanya tai chi, yaani mazoezi ya Kichina ya kuhamisha uzito polepole huku umesimama, waliimarika usawa wa mwili na wakaanguka mara chache zaidi kuliko wale walionyoosha viungo tu.

Sababu yenyewe iko hivi. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi ambayo seli zake hutengeneza dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayouwezesha mwili kufanya yale tusiyoyafikiria: kutembea, kujigeuza kitandani, kuzungusha mikono unapotembea, kufunga kifungo. Seli hizo zikifa, mambo yaliyokuwa yanajiendesha yenyewe yanaanza kukwama. Lakini njia ya pili, ile ya kutenda kwa makusudi, kwa kuangalia alama au kufuata mdundo, inabaki nzima kwa kiasi kikubwa. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa ni namna ya kumpitisha mtu kwenye njia hiyo ya pili.

Mwambie apige hatua kubwa kwa makusudi, na akilalamika kwamba sasa unamtembeza kama askari wa gwaride, mtazame vizuri. Mara nyingi hapo ndipo amefikia hatua ya mtu wa kawaida. Kuna tiba ya Marekani iitwayo LSVT BIG iliyojengwa juu ya jambo hilo moja: saa moja kwa siku, siku 4 kwa wiki, kwa wiki 4, vipindi 16 vya kufanya kila kitu kwa ukubwa. Hata bila mtaalamu aliyefunzwa tiba hiyo, neno moja la kumwambia mzee siku nzima linatosha kuanzia: "Kubwa." Usimwambie "nyanyua mguu, nyoosha mgongo, angalia mbele, usiburuze." Maagizo manne kwa pamoja yanamfunga miguu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni Parkinson kweli. Daktari James Parkinson aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1817, lakini huku kwetu bado unaitwa uzee, unaitwa kiharusi, na wapo wanaosema mtu amelogwa. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008 uliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kiharusi huja ghafla, kwa dakika au saa. Parkinson huja polepole kwa miezi na miaka, huanza upande mmoja, mkono ukitetemeka wakati umetulia mapajani. Pia kuna dawa zinazoleta hali inayofanana nao kabisa, kwa mfano metoclopramide ya kuzuia kutapika na haloperidol ya magonjwa ya akili. Beba dawa zote anazotumia uende nazo hospitali, hata zile za dukani. Ukifika Bugando au Sekou Toure, mwombe daktari akuandikie pia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Usisubiri mpaka aanze kuanguka, na kama ana ugonjwa wa moyo, kisukari au presha, muulize daktari mapema ni mazoezi makali kiasi gani yanamfaa.

Saa ya dawa ndiyo saa ya mazoezi

Anayetumia levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ana saa nzuri na saa mbaya. Kidonge kikishaanza kazi, kwa kawaida dakika 30 hadi 60 baada ya kumezwa, mwili unalegea. Kikikaribia kuisha, anakakamaa tena. Mazoezi magumu yafanyike kwenye saa nzuri. Kama dozi ya asubuhi ni saa 1, anza kati ya saa 1 na dakika 45 na saa 2 kamili. Kosa la kawaida ni kumwamsha alfajiri "kabla ya jua" na kumtembeza kabla hajameza chochote. Anajikokota, anakata tamaa, na familia inahitimisha kwamba mazoezi hayamsaidii.

Chakula kinaingia hapa. Protini ya samaki, maziwa, maharage na nyama hushindana na levodopa kwenye utumbo na kwenye mlango wa kuingia ubongoni. Mzee akimeza kidonge katikati ya sahani ya sato, dawa inaweza kuchelewa au isifanye kazi vizuri, halafu jioni anashindwa kuinuka na hakuna anayekumbuka mlo. Kidonge kiwe nusu saa kabla ya mlo huo, au saa moja baada yake. Kama dawa inamletea kichefuchefu tumbo likiwa tupu, kipande cha muhogo au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kidogo kinatosha kuituliza bila kuigombanisha na protini. Usimnyime samaki. Anakonda haraka mtu wa Parkinson, na msuli hautengenezwi na ugali peke yake.

Jambo la tatu ni presha inayoshuka anaposimama. Mlaze dakika 5, mpime, kisha msimamishe umpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambie daktari kabla hujaanzisha mazoezi ya kusimama. Wakati unasubiri, glasi mbili za maji robo saa kabla ya kuinuka husaidia, kama hana ugonjwa wa moyo au figo unaomzuia maji. Kizunguzungu kikimpata katikati ya zoezi, aketi hapo hapo alipo, msianze kukimbilia kitanda.

Kuinuka kwenye kiti

Kama una nafasi ya zoezi moja tu, chagua hili. Ndilo linaloamua kama mtu ataenda chooni peke yake.

Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, kimeegemezwa ukutani, na urefu wake ufike magotini pake au kuzidi kidogo, kama sentimita 45 hadi 50. Sofa laini haifai: nyonga zinazama chini ya magoti na hakuna mguu unaoweza kusukuma kutoka huko. Kigoda ndiyo kabisa usimpe. Kama kiti ni kifupi, kunja blanketi zito uliweke juu, siyo godoro la sponji.

Kwanza ajisogeze mpaka ukingoni mwa kiti, kwa kuhamisha tako moja baada ya jingine kama anayetembea akiwa ameketi. Halafu arudishe miguu nyuma, visigino viwe nyuma ya magoti, miguu imeachana upana wa nyonga. Kisha ainame mbele kutoka kiunoni, pua ipite vidole vya miguu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Ugonjwa huu unamvuta mtu nyuma, naye kwa hofu ya kuanguka kifudifudi anabaki wima, anasukuma, vidole vya miguu vinanyanyuka hewani, anarudi kitini kwa kishindo. Mkiona vidole vimenyanyuka, msiongeze nguvu. Mwambie ainame zaidi. Njia rahisi ni wewe kukaa au kuchuchumaa mbele yake na kumwambia aguse bega lako kwa paji la uso. Ahesabu kwa sauti, moja, mbili, na kwenye tatu asukume kwa mikono na miguu na asimame hadi mgongo unyooke kabisa. Asiishie njiani.

Anapoketi pia afundishwe. Wengi wanageuka nusu na kujitupa. Arudi mpaka nyuma ya miguu yote miwili iguse kiti, anyooshe mikono nyuma ashike, ainame tena kama alivyofanya kuinuka, kisha ashuke kwa hesabu ya tatu.

Mara 5, pumzika dakika moja au mbili, kisha tena, hadi mizunguko 3. Akifikisha 10 kwa kila mzunguko bila kuhema sana, punguza blanketi, halafu akunje mikono kifuani, halafu ainuke kwa kasi na kushuka polepole. Baadaye anaweza kubeba begi la mgongoni, alivalie mbele, lenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mzigo uwe mbele, kwa sababu mgongoni utamvuta kule kule anakovutwa na ugonjwa.

Na wewe usimvute mikono. Ukimvuta, yeye anajiegemeza nyuma ili ajihami, na mabega yake yanaumia. Kama anahitaji msaada, mfunge mkanda mpana kiunoni, simama ubavuni mwake, shika mkanda kwa nyuma, umsindikize mbele na juu.

Mara moja kwa mwezi mpime kwa saa ya simu: ainuke na kuketi mara 5 mfululizo, mikono kifuani, haraka awezavyo, saa ile ile baada ya dawa. Akizidi sekunde 16, hatari ya kuanguka ni kubwa. Mpime pia kutembea mita 10 kwa mwendo wake wa kawaida. Zaidi ya sekunde 9, tena kama ameshaanguka ndani ya mwaka au ameganda miguu (nitaeleza hapa chini) ndani ya mwezi, asifanye mazoezi ya usawa bila mtu ubavuni. Andika kwenye daftari. Daktari mwenye dakika kumi atasoma namba hizo haraka kuliko maelezo yako yote.

Miguu inapoganda

Mtu anatembea vizuri, anafika mlangoni, miguu inagandamana na sakafu kana kwamba kuna gundi, kiwiliwili kinaendelea mbele. Hivyo ndivyo wanavyoanguka. Hutokea zaidi kwenye milango, kona, sehemu nyembamba kati ya meza na kochi, wakati wa kugeuka, na anapoharakishwa. Simu ikilia, kuganda. Mtu akibisha hodi, kuganda.

Na huku kwetu kuna jambo moja la pekee: salamu. Mzee anayetembea mtaani anaamkiwa kila hatua kumi, na adabu inamtaka aitikie marahaba na kuuliza habari za nyumbani mpaka mwisho. Kutembea kwake sasa ni kazi ya akili, na kuitikia nako ni kazi ya akili. Viwili kwa pamoja havibebeki. Mfundishe asimame kwanza, ashike ukuta au mkono wako, aitikie kwa utulivu mpaka amalize, ndipo aanze hatua upya. Waambie na vijana wa mtaani wamsalimie akiwa amesimama. Watafanya, wakielezwa.

Akiganda, usimsukume wala kumvuta, na usirudie "twende, twende". Mambo ni manne, kwa utaratibu huu huu: asimame kabisa na kuacha kupambana, anyooke na kuvuta pumzi, ahamishe uzito mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kisha apige hatua moja ndefu kwa mguu ule usio na uzito. Kuhamisha uzito ndiko kunakorukwa na wengi, na ndiko kwenye siri yote. Mguu uliobeba mwili hauwezi kunyanyuka. Bado hajatoka? Weka mguu wako mlalo mbele ya wake, mwambie auvuke. Miguu iliyokataa kutembea mara nyingi hukubali kuvuka.

Kuvuka huko ndiyo maana ya mistari sakafuni. Kwenye saa yake nzuri, mwambie atembee hatua 10 ndefu awezavyo, pima umbali, gawanya kwa 10. Zikiwa mita 5, basi weka mistari kila sentimita 50, mlalo wa njia, kwa chaki nyeupe au tepu ya umeme yenye rangi inayopingana na sakafu. Weka tatu au nne kabla ya mlango, mmoja kizingitini, na mbili au tatu baada yake. Kosa la kawaida ni kuikomesha mlangoni: anafika, alama zimekwisha, anaganda pale pale. Kosa jingine ni kuibananisha kwa huruma. Mistari ya sentimita 25 inamfundisha kuburuza. Na macho yake yaangalie ng'ambo ya mlango, dirisha au picha ya ukutani, siyo fremu ya mlango.

Mdundo nao una nguvu ile ile, na hapa Usukumani hatuhitaji kuazima kutoka kokote. Bugobogobo ni ngoma ya majembe: mwili mzima unafuata ngoma, jembe linapanda na kushuka kwa pigo. Mzee aliyeicheza ujanani ana mdundo huo ndani yake hata kama miguu imesahau. Hesabu hatua zake kwa dakika moja kwenye saa nzuri. Kama ni 100, tafuta pigo la 100 hadi 110 kwa dakika, kwa ngoma, kwa kugonga meza, au kwa programu ya mapigo kwenye simu. Anayeganda mara kwa mara afanyiwe kinyume, pigo lipungue hadi kama 90, hatua ziwe chache na ndefu. Wimbo unaobadilika kasi katikati haufai. Bora aimbe mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwani hapo hapo sauti yake nayo inafanya mazoezi.

Kugeuka ni mtihani wa peke yake. Asigeukie papo hapo kwa kusokota mguu mmoja. Kama kuna nafasi, azunguke nusu duara pana. Kama hakuna, kama vile jikoni, afikirie saa ya ukutani imechorwa chini: anaangalia 12, anahamisha mguu hadi 3, mwingine unafuata, kisha 6. Hatua zihesabike. Na mikono iwe mitupu. Mtu aliyebeba chupa ya chai huku anageuka ameshajipa kazi mbili.

Viatu: siyo ndala. Ndala inahitaji vidole viishikilie, na vidole vyake vina kazi nyingine. Avae kiatu kilichofungwa kisigino. Soli ya raba inayong'ang'ania sakafu sana nayo humkwaza anayeburuza, basi chagua ya wastani. Fimbo moja ya kawaida ni sawa. Ile ya miguu minne sipendi, kwa sababu mara chache miguu yote minne hugusa chini kwa pamoja. Fremu ya kutembelea ya kunyanyua inakata mtiririko wa hatua kila mara, na ya magurudumu isiyo na breki humkimbia. Kabla hujanunua, akijaribu kwanza kifaa hicho kwa mtaalamu wa fiziotherapia ni bora.

Ngazi za mawe

Wanaoishi Igogo, Mabatini, Isamilo au kwenye mlima wa Bugando watakuambia jambo linalowachanganya: mzee anapanda ngazi za mawe kama kijana, akiingia sebuleni kwenye sakafu tambarare anaganda. Kisha anaanza kushukiwa kwamba anajifanya. Hajifanyi. Kila ngazi ni mstari, inayaambia macho mguu uende wapi. Sebuleni hakuna alama. Ugomvi mwingi wa nyumbani ungeisha watu wakilielewa hili.

Kwa hiyo ngazi ni zoezi zuri, kwa masharti. Paka kingo za kila ngazi chokaa nyeupe, upana wa vidole vinne, na urudie mvua zikiifuta. Funga bomba au kamba nene iliyokazwa upande mmoja, kimo cha nyonga. Kupanda, mguu wenye nguvu utangulie. Kushuka, ule dhaifu utangulie. Wewe ukae ngazi moja chini yake siku zote: nyuma anapopanda, mbele anaposhuka. Hatari kubwa iko kwenye ngazi ya mwisho juu na ya mwisho chini, pale alama zinapokwisha na mwamba usio na mpangilio unaanza, basi chora mistari miwili zaidi hapo. Mvua ikinyesha, mawe yale yanateleza kama sabuni. Siku hiyo afanyie mazoezi ndani.

Jasho

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwachukua watu 128 waliogunduliwa karibuni na ambao bado hawajaanza dawa za Parkinson. Waliotembea kwenye mashine kwa asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wa moyo kwa miezi 6 walibaki karibu pale pale kwa dalili za mwendo, wakati wasiopewa mazoezi waliongezeka alama kama 3 kwenye kipimo cha ugonjwa, yaani dalili zilizidi. Waliofanya kwa wastani, asilimia 60 hadi 65, hawakupata faida ya wazi. Mwongozo wa Marekani wa 2021 unataka angalau dakika 30, siku 3 kwa wiki. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Ila kutembea kwa kujivuta nako hakuhesabiki.

Kwa mtu wa miaka 65, toa 65 kwenye 220, unapata 155, makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wake. Asilimia 80 yake ni mapigo 124 kwa dakika. Afike huko kwa wiki kadhaa, siyo siku ya kwanza. Akitumia propranolol au atenolol, dawa za presha na moyo, mapigo hayapandi ipasavyo, basi tumia maneno: aweze kusema sentensi fupi lakini asiweze kuimba. Atembee kwenye ardhi ngumu na tambarare, siyo mchanga laini wa ufukweni unaomeza visigino. Aanze na kumaliza kwa dakika 5 za taratibu. Baiskeli iliyosimikwa isitembee ni nzuri sana kwa anayeganda, kwa sababu miguu inayoganda sakafuni mara nyingi huzunguka pedali bila shida.

Nguvu na mgongo

Siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana. Misuli inayohitaji kazi ni ile ya nyuma, inayomnyoosha mtu: mgongo, makalio, mashavu ya miguu. Tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha. Ikate, ifunge kwenye nondo za dirisha kimo cha kifua, avute ncha zote mbili viwiko vikirudi nyuma ya mbavu, kifua kikifunguka, ahesabu mbili, aachie polepole. Mara 10 hadi 15. Zikiwa rahisi, ikunje mara mbili. Kagua nyufa kila wiki, maana ikikatika anaanguka chali. Kupanda na kushuka visigino huku ameshika dirisha, idadi ile ile.

Mgongo uliojipinda hunyooshwa kwenye mkeka. Alale chali bila mto dakika 10 kila siku, mikono imefunguliwa kama msalaba. Kama kichwa hakifiki chini, weka kanga iliyokunjwa, na kila wiki ondoa mkunjo mmoja. Halafu akunje magoti, ayaangushe yote kulia, sekunde 30, kisha kushoto. Kiwiliwili cha Parkinson hukauka kama gogo, na zoezi hilo la kusokota ndilo litakalomsaidia usiku.

Usiku, na akianguka

Kulala upande mmoja mpaka asubuhi kunaumiza nyonga na kunamnyima usingizi yeye na anayemhudumia. Kujigeuza kuna mpangilio: akunje magoti yote mawili, anyooshe mikono miwili juu kuelekea dari, aangalie anakokwenda, kisha atupe mikono na magoti upande huo kwa pamoja, kwa nguvu. Kitambaa kinachoteleza chini ya nyonga, siyo chini ya miguu, kinarahisisha. Blanketi zito linamfunga, mashuka mawili mepesi ni bora.

Chandarua kinahitaji kufikiriwa. Kikichomekwa pande zote, anaamka usiku kwenda haja, anapapasa, anajizungusha ndani yake na kuanguka nacho. Upande anaoshukia usichomekwe chini ya godoro kwa nguvu, uning'inie na ulaliwe tu na ukingo wa mto mrefu. Kwanza aketi ukingoni, miguu chini, afungue chandarua na kukitupa nyuma ya bega, akae dakika moja presha itulie, ndipo ainuke kwa ile hesabu ya tatu. Taa au tochi iwe pale mkono unapofika. Gizani mistari haionekani, na mtu wa Parkinson anayaamini macho kuliko miguu.

Kuinuka kutoka chini kujaribiwe mchana, juu ya mkeka, akiwa mzima na amemeza dawa. Ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko na kiganja, aende kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti kigumu, aweke mikono yote kitini, alete mbele mguu wenye nguvu ukanyage chini, ainame, asukume, kisha ageuke na kuketi. Mara 2 kila wiki zinatosha. Akianguka kweli, msikimbilie kumnyanyua kwa kwapa. Kwanza muulize panauma wapi, mwangalie kama mguu mmoja umefupika au umegeukia nje, au kama amegonga kichwa. Kikiwepo kimojawapo kati ya hivyo, abaki alipo, mfunikeni, mtafute gari ambalo atalala ndani, siyo bodaboda. Kama hakuna dalili hata moja kati ya hizo, mpe dakika mbili apumue, sogeza kiti karibu na kichwa chake, na umhesabie.